Hali Si Nzuri Sana

Mwaka ule Filomena alizichukia salamu. Si salamu za njiani, za mtu na mtu wakikutana. Hizo alikuwa nazo tele, kwani alilelewa Masasi na bibi aliyemchapa fimbo kila alipopita mbele ya wakubwa kimya. Alichukia salamu za kwenye simu ya upepo. Na sababu ya chuki hiyo ilikuwa imelala nyuma ya kanisa la kijiji, udongo wake haujakauka. Ilikuwa Sesilia, mama wa watoto watatu, aliyetokwa na damu mpaka ikamwishia huku akingoja gari.

Kijiji kiliitwa Juhudi, mbele kidogo ya Chanika, kimoja kati ya vile ambavyo watu walihamishiwa ili wakae pamoja wajengewe shule, bomba na zahanati. Shule ilijengwa. Bomba lilifika, maji hayakufika. Zahanati ilipewa chumba, vitanda viwili, nesi mmoja ambaye ndiye Filomena, na simu ya upepo iliyotumia betri ya gari. Waliokuja kuifunga waliisifia kama mtu anayemwoza binti yake. Walisema kuanzia siku ile mgonjwa wa Juhudi na gari la wagonjwa lililokaa Kinondoni ni watu wa ua mmoja.

Maneno hayo yalikuwa matamu, lakini mashine yenyewe haikuwa na ubavu wa kufika Kinondoni. Vilima vya Pugu vilisimama katikati. Kwa hiyo neno lilibidi lipokezanwe. Filomena alizungumza na Mzee Leonardi, mchonga vinyago ambaye nyumba yake ilikuwa juu kabisa ya kilima. Mashine ya pili iliwekwa sebuleni kwake, kati ya magogo ya mpingo. Mzee Leonardi naye alizungumza na Zuena, karani aliyepewa mashine ya tatu kule Temeke. Zuena ndiye aliyezungumza na Jamali, dereva wa gari la wagonjwa, gerejini Kinondoni. Hakuna aliyemsikia mwingine ila jirani yake tu.

Siku ya Sesilia, Filomena alishika chombo cha kusemea kwa mikono yenye damu.

"Pugu! Mama amejifungua, kondo la nyuma limebaki ndani, damu haikatiki. Atakufa. Gari lije sasa hivi!"

"Mwanangu," sauti ya Mzee Leonardi ikajibu taratibu, "hata shikamoo?"

"Shikamoo baba. Gari!"

"Marahaba. Poleni sana. Wengine huko hawajambo?"

Aliita asubuhi. Gari lilifika jua likiwa limekwisha kugeukia magharibi. Jamali alishuka, akapangusa jasho, akauliza kwa upole mgonjwa yuko wapi. Filomena alimwonyesha shuka lililofunikwa mpaka juu, na mume wa Sesilia aliyekaa sakafuni ameshika kandambili za mkewe.

Wiki ile ile kikaitishwa kikao Temeke. Mwenye kikao alikuwa Ndugu Elinaza, msimamizi wa magari ya wagonjwa, mtu mpole mwenye miwani, ambaye alikuwa ameshaamua kosa ni la mashine. Alimleta fundi akazipima zote, akazigonga, akazifungua matumbo. Fundi akasema mashine hazina ugonjwa wowote.

"Basi ni hali ya hewa," alisema Elinaza. "Vilima vile vinameza sauti."

"Havimezi," alisema Filomena. Alikuwa amekataa chai na alikuwa amesimama, ingawa kiti kilikuwapo. "Mzee Leonardi alinisikia vizuri, maana alinidai shikamoo. Mie nataka kila mtu hapa aseme alichosikia na alichopeleka mbele. Neno kwa neno. Kwani kuna ubaya?"

Elinaza akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwishowe akasema hakuna ubaya.

Mzee Leonardi alianza, kofia mkononi. Alikuwa mtu wa umbo kubwa, mvi zimemjaa mpaka kwenye nyusi. "Mimi nilimwambia bibie Zuena hapa kwamba kuna mzazi Juhudi, hali yake si nzuri sana, damu inamsumbua, anaomba gari."

"Nilikuambia atakufa."

"Uliniambia."

"Neno hilo likaenda wapi?"

"Mwanangu, mtu mzima hatamki kifo cha mtu ambaye bado anapumua. Huko ni kumwitia. Wewe ni wa kwetu kusini, unajua."

Filomena alimgeukia Zuena. Zuena alikuwa mwanamke nadhifu wa Temeke, kanga zake zimepigwa pasi. Alianza kuvuta pindo la kanga kabla hajaulizwa.

"Mie nilimwambia Jamali kuna mama huko hajisikii vizuri, wakipata nafasi wampitie."

"Na damu?"

"Jamani," Zuena akashusha sauti, "mie mtoto wa kike, niende kumtajia mwanamume habari za damu ya uzazi? Tena hewani, kila mtu gerejini anasikia? Nikasema anaumwaumwa."

"Mficha uchi hazai, Zuena! Na wewe umeficha mpaka uzazi wa mwenzio."

"Ndugu Filomena, taratibu," alisema Elinaza.

"Bado mmoja. Jamali."

Jamali alikuwa kijana mnyofu, na kwa bahati mbaya hakujua kusema uongo. "Mie nimeambiwa kuna mama anaumwaumwa, gari likipata nafasi lipitie. Sasa dada, nafasi sikuwa nayo. Nilikuwa napeleka viti vya mkutano wa hadhara Mwananyamala. Nilipovishusha vyote ndipo nikaja."

Viti! Kule Juhudi mtu anakauka, huku gari lake limebeba viti. Hapo Filomena alipandwa na hasira ambayo wala hakujaribu kuishika. Alisema Sesilia hakuuawa na vilima wala na betri. "Nyie mmemuua kwa adabu! Damu imetoka kwangu nyekundu, kila aliyeipokea ameisuuza, mpaka inafika Kinondoni ni maji ya kunawia mikono!" Alimwelekezea Mzee Leonardi kidole, mbele ya watu wote, kidole cha mtoto kwa mtu wa umri wa baba yake. "Na wewe mzee ndiwe uliyeanza. Huruma yako imeua. Unasikia? Afadhali ungekuwa huna huruma!"

Mzee Leonardi alivaa kofia yake, akasukuma kikombe cha chai ambacho hakijafika nusu, akabaki ametazama meza.

Kutokana na fujo hiyo kanuni ikapatikana. Elinaza aliona afadhali kanuni kuliko kesi, na fundi akasema mpango wa yule nesi una akili. Kwanza, salamu hewani basi. Pili, neno lipelekwe kama lilivyotoka, hata kama linachoma ulimi. Tatu, na hili ndilo Filomena alilolipigania mpaka sauti ikamkauka, neno likifika mwisho lirudi njia ile ile, kinywa kwa kinywa, mpaka kwa aliyelituma. Yeye ndiye atakayesema "ndivyo" au "sivyo". Mpaka "ndivyo" isikike, neno halijafika, na dereva habanduki pale alipo.

Walipokuwa wakitoka, Filomena alimsikia Zuena akimnong'oneza mtu kwamba binti yule wamemsomesha tu, hawakumlea. Alipita akiwa ameinua kidevu.

Kanuni ikafanya kazi. Sema utakalo juu ya Filomena, hilo huwezi kumnyima. Mtoto mwenye degedege alifikishwa hospitali. Mkulima aliyekatwa na shoka mguuni alifikishwa, na mguu wake akaendelea nao. Mwezi ule wa njaa, watu wanakula unga wa mahindi ya njano na kuulalamikia, bibi mmoja aliyezimia kwenye foleni ya duka la ushirika naye alipata gari. Maneno yalikwenda, yakarudi, Filomena akasema ndivyo, gari likaja.

Ila Mzee Leonardi alikuwa amebadilika. Alikuwa akipokea kwa maneno mawili tu: "Pugu. Sema." Hakukuwa tena na mwanangu, wala pole, wala wengine hawajambo. Akimaliza kurudisha neno, anazima. Filomena alijiambia hiyo ndiyo kazi inavyotakiwa, na kwamba yeye hakuja Juhudi kutafuta baba. Lakini kila mashine ilipozimwa namna ile alijikuta amebaki ameishika, na hilo lilimkasirisha zaidi. Mara mbili alikata shauri kwamba akishuka mjini atapitia Pugu amwombe radhi. Mara zote mbili alipitia njia nyingine.

Mzee Leonardi alikuwa na binti, kitinda mimba wake, jina lake Felicitas. Aliolewa pale pale Juhudi na ndiye aliyefundisha watu wazima kusoma, jioni, kwenye banda la shule. Alikuwa mcheshi, akiwachapa wanafunzi wake wenye mvi kwa ufito wa uongo na kweli, nao wakicheka. Alikuwa na mimba ya kwanza. Filomena alimpima kila alipokuja kliniki, na kila mara Felicitas alimwambia, "Baba anakusalimu," jambo ambalo wote wawili walijua si kweli.

Siku ilipowadia, mama mkwe wake alimweka nyumbani usiku kucha akiamini mambo yatajipa. Hayakujipa. Walimleta asubuhi kwa mkokoteni. Filomena alipomfunua tu, alijua. Mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia nje, mdogo, umeanza kuwa na rangi ya zambarau. Aliweka chombo cha kusikilizia tumboni. Mapigo yalikuwapo, ya haraka, lakini yalikuwapo. Mtoto aliyekaa hivyo hatoki kwa kusukuma. Ama mama apasuliwe, ama waende wote wawili.

"Nesi," alisema Felicitas, midomo imekauka, "mbona umenyamaza?"

"Sijanyamaza. Naita gari."

Alikwenda kwenye mashine iliyokuwa nyuma ya pazia la kanga. Akawasha. Akabonyeza.

"Pugu, Juhudi."

"Pugu. Sema."

Hapo ndipo ulimi ulipomfia. Maneno yalikuwa tayari, aliyajua, ndiyo yale yale aliyoyapigania kikaoni mpaka watu wakamwona mwehu: mkono umetangulia, wasipompasua atakufa. Lakini aliyekuwa upande wa pili alikuwa baba yake Felicitas, amekaa peke yake juu ya kilima kati ya magogo yake. Alimwona kabisa, na zile nyusi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Shikamoo baba," alisema Filomena.

"Marahaba. Sema."

"Ni Felicitas, baba. Ameshikwa na uchungu. Hali yake si nzuri sana. Gari lije."

Mzee Leonardi akalipeleka mbele. Filomena alisubiri, ameegemeza kichwa kwenye ukuta wa udongo, akijiambia kwamba gari litakuja tu, neno gari amelitaja, hilo ndilo kubwa. Nyuma ya pazia Felicitas alikuwa akihema kama mtu anayepanda mlima.

Kisha mashine ikakwaruza.

"Juhudi, Pugu. Kutoka Kinondoni wanarudisha hivi: Felicitas ameshikwa na uchungu. Hali yake si nzuri sana. Gari lije." Sauti ya mzee ilikuwa kavu, haina mkunjo. "Ndivyo?"

Ilikuwa neno kwa neno, halijapungua, halijaongezeka, vinywa vyote vimelitunza kama alivyowaamuru. Filomena alilisikia likimrudia na akaona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Uchungu kila mama anaupata. Hali si nzuri sana, nani hali yake ilikuwa nzuri mwaka ule?

"Sivyo," alisema. "Sivyo! Mkono wa mtoto umetangulia. Wasipompasua atakufa. Mwanao atakufa, unanisikia? Atakufa yeye na mtoto. Gari lije sasa hivi!"

Alikuwa anapiga kelele, na Felicitas alisikia kila neno. Pazia halizuii sauti.

Mzee Leonardi akasema, "Narudia. Mkono wa mtoto umetangulia. Wasipompasua atakufa yeye na mtoto. Gari lije sasa hivi. Napeleka."

Kurudi kwake hakukuwa haraka kama mara ya kwanza. Filomena alikwenda kwa mgonjwa, akarudi kwenye mashine, akaenda tena. Mapigo ya mtoto yalikuwa yakipoteza njia. Akamtukana Zuena, akamtukana Jamali na mama yake, akamtukana aliyebuni mashine. Mwishowe sauti ya Pugu ikaja.

"Zuena anaita, Jamali hajibu. Gereji wanasema kaenda kujaza petroli. Alisikia hali si nzuri sana, akaona kuna wasaa wa kujaza kwanza."

"Lakini sijasema ndivyo! Kanuni ni asibanduke!"

"Hajabanduka mbali. Yuko kwenye foleni. Wamemtuma mtu kwa baiskeli."

Miezi ile foleni ya petroli ilizunguka mtaa mzima, na aliyeingia katikati hakuwa na pa kugeuzia. Ilimchukua yule wa baiskeli muda kumpata, na Jamali muda kujichomoa, akigombana na kila dereva aliyemzibia. Neno lilirudi Juhudi hatimaye, kamili, na Filomena akasema ndivyo. Alilisema huku amefumba macho.

Gari lilipofika, Jamali hakupangusa jasho wala hakuuliza mgonjwa yuko wapi. Alikuja na machela mwenyewe, akikimbia. Walipomwinua Felicitas, Filomena aliweka tena chombo tumboni. Alisikiliza huku, akasikiliza kule. Alisikia kitu, au alitaka kukisikia. Felicitas alimshika mkono.

"Umemwambia baba nitakufa."

"Nimemwambia ili usife."

"Amesemaje?"

"Amerudia."

Gari likaondoka na vumbi lake. Filomena hakuwa na mtu wa kumwachia zahanati, akabaki. Aliosha kitanda, akafua kanga, akamfukuza kwa maneno makali mtu aliyekuja kuomba dawa ya kikohozi, kisha akamwita arudi. Alijua gari lingepita Pugu, chini ya kilima, na alijua mzee atashuka barabarani kumwona mwanawe. Mtu yeyote angeshuka. Akawasha mashine, akaita, asikie kama sebule ile ni tupu.

"Pugu. Sema."

"Baba, hujashuka?"

"Nikishuka, habari ikija nani atapokea?"

Filomena akazima.

Habari ilikuja alasiri. Safari hii mtumaji alikuwa Jamali, aliyeitoa mlangoni mwa chumba cha upasuaji, akaendesha mpaka gerejini Kinondoni, akampa Zuena hewani. Na Zuena, yule aliyeona haya kutaja damu, alimpa Mzee Leonardi. Kwa hiyo mzee ndiye aliyeijua kwanza, na ndiye aliyepaswa kuileta.

"Juhudi, Pugu."

"Sema."

"Felicitas amepasuliwa. Yuko hai. Mtoto wamemtoa maiti. Amekufa njiani."

"Nimepokea, baba. Pole sana, baba. Pole."

"Sikukuuliza kama umepokea. Rudia."

"Baba—"

"Kanuni ni yako. Rudia."

Akarudia. Alirudia akilia, kwa hasira, akiyatema maneno moja moja: Felicitas amepasuliwa, yuko hai, mtoto wamemtoa maiti, amekufa njiani. Kila neno lilimtoka zima, likapanda kilima likamwingia babu wa mtoto.

"Ndivyo," alisema Mzee Leonardi.

Kwa desturi yake ya miezi ile angezima hapo hapo. Hakuzima. Filomena alimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake kitu kikianguka sakafuni, labda patasi.

"Asubuhi ulianza na shikamoo," alisema mzee. "Halafu ukasema hali si nzuri sana."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema alichanganyikiwa. Angeweza kusema mashine ilikwaruza. "Nilikuhurumia, baba," alisema.

"Na mimi yule Sesilia nilimhurumia," alisema Mzee Leonardi, akazima mashine.